NADHARIA ZA MASHABIKI NA SARUFI YA WAKATI: MFANO WA TAMTHILIA YA TELEVISHENI *DARK*

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza nadharia zinazobuniwa na watazamaji wa tamthilia za televisheni zinazohusu safari za wakati, yaani visa ambamo mhusika huuacha mwaka wake na kuingia katika mwaka uliopita au ujao. Kwa kuwa uwanja huu ni mpana, tutajifunga kwa tamthilia moja, nayo ni *Dark*, iliyobuniwa na Baran bo Odar na Jantje Friese wa Ujerumani. Hii ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kijerumani kutengenezwa kwa ajili ya Netflix. Msimu wake wa kwanza, wenye sehemu 10, ulitolewa tarehe 1 Desemba 2017. Wa pili, wenye sehemu 8, tarehe 21 Juni 2019. Na wa tatu, wenye sehemu 8 pia, tarehe 27 Juni 2020.

Huenda msomaji akauliza: burudani ya Ulaya inaihusu nini idara ya Kiswahili? Jibu letu ni kwamba nadharia ya shabiki ni hoja, na hoja hujengwa kwa sentensi. Mtazamaji anayedai kuwa fulani ni baba yake fulani, au kwamba janga fulani lingeweza kuepukwa, hana budi kuchagua njeo, hali na dhamira ya kitenzi. Akichagua vibaya, hoja yake huporomoka hata kabla haijapimwa kwa ushahidi. Dai letu kuu ni kwamba nadharia nyingi za mashabiki wa *Dark* ni mabishano ya kisarufi kuhusu wakati. Aidha, tunadai kuwa Kiswahili kina viambishi na istilahi zinazoweza kuyaweka wazi mabishano hayo. Kwa kuwa uchambuzi wa nadharia hauwezekani bila kujua ni ipi iliyothibitika, makala haya yatalazimika kufichua mwisho wa kisa.

2.0 Muhtasari wa Kisa

Kisa kinatokea katika mji wa kubuni wa Winden, wenye msitu, mtambo wa nishati ya nyuklia na pango. Ndani ya pango hilo mna njia inayounganisha miaka iliyoachana kwa miaka 33: 1953, 1986 na 2019. Tarehe 4 Novemba 2019 mtoto Mikkel Nielsen, mwenye umri wa miaka 11, anapotea karibu na pango hilo na kutokea mwaka 1986. Huko analelewa na muuguzi, anapewa jina la Michael Kahnwald, anakua, anaoa na kumzaa Jonas, ambaye ndiye mhusika mkuu. Michael anajinyonga tarehe 21 Juni 2019, miezi michache kabla ya yeye mwenyewe, akiwa mtoto, kupotea.

Baadaye tunafahamu kwamba Jonas mtu mzima anarudi Winden akiwa mgeni asiyejulikana, na kwamba Jonas mzee, kwa jina la Adam, ndiye kiongozi wa kundi la wasafiri wa wakati. Katika msimu wa tatu tunaonyeshwa ulimwengu wa pili, unaotawaliwa na Eva, ambaye ni Martha Nielsen aliyezeeka. Hatimaye tunafichuliwa kwamba ulimwengu wote miwili umetokana na wa tatu, ulio chanzo. Katika ulimwengu huo mtengeneza saa H. G. Tannhaus alifiwa na mwanawe, mkwewe na mjukuu wake katika ajali ya gari. Alipojaribu mwaka 1986 kuwarudisha kwa mashine, aliupasua ulimwengu wake na kuzaa ile miwili. Jonas na Martha wanaingia katika ulimwengu wa chanzo, wanaizuia ajali ile, na wao wenyewe wanatoweka.

3.0 Nadharia ya Shabiki ni Nini?

Neno nadharia linatumika hapa kwa maana nyembamba: ni maelezo yanayotolewa na mtazamaji kabla kisa hakijaisha, au baada ya kwisha kikiwa na mapengo, ili kuunganisha mambo ambayo kazi yenyewe haijayaunganisha. Wolfgang Iser, mhakiki Mjerumani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kila matini ya kubuni ina nafasi tupu ambazo msomaji huzijaza. Wanaumuundo wa Kirusi walikwisha tenganisha kisa, yaani mfuatano wa matukio jinsi yalivyotokea, na msuko, yaani jinsi yanavyosimuliwa. Katika kazi nyingi msomaji hukipata kisa kutoka katika msuko bila taabu kubwa. Katika *Dark* kazi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya utazamaji, kwani hata kisa chenyewe hakina mwanzo ulio dhahiri.

Jamii ya Waswahili inaufahamu mchezo unaokaribiana na huu, nao ni kitendawili. Mtegaji hutega, wateguaji hubuni, na wakishindwa humpa mji. Hata hivyo kuna tofauti mbili. Kwanza, jibu la kitendawili kwa kawaida lipo tayari katika hazina ya jamii. La tamthilia limo mikononi mwa watunzi, na wakati nadharia inapobuniwa huenda halijaandikwa. Pili, kitendawili huteguliwa papo hapo, ilhali watazamaji wa *Dark* walisubiri zaidi ya miezi 18 kati ya msimu wa kwanza na wa pili, na mwaka mmoja kati ya wa pili na wa tatu. Kwa kuwa kila msimu ulitolewa wote kwa siku moja, nadharia zilikomaa katika vipindi hivyo viwili vya ukimya. Watunzi nao waliuchochea mchezo huo: msimu wa pili ulitolewa tarehe ile ile ya kifo cha Michael, na wa tatu ukatolewa tarehe 27 Juni 2020, siku ambayo kisa kinaitaja kuwa ya maangamizi ya Winden.

Kwa mtazamo wetu, nadharia hizo zinagawanyika katika makundi matatu:

(i) Nadharia za utambulisho: nani ni nani, na nani amezaliwa na nani.
(ii) Nadharia za chanzo: mzunguko wa matukio ulianzia wapi.
(iii) Nadharia za ukombozi: je, mzunguko huo unaweza kukatwa, na kwa njia gani?

Kundi la kwanza linategemea istilahi za ukoo. La pili na la tatu yanategemea kitenzi. Tuanze na kitenzi.

4.0 Viambishi vya Kitenzi katika Kisa cha Safari za Wakati

4.1 Kalenda na Maisha

Mwanafalsafa David Lewis, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu utata wa safari za wakati, alitenganisha wakati wa nje na wakati wa nafsi. Wakati wa nje ni ule wa kalenda, unaotuhusu sote. Wakati wa nafsi ni ule unaopimwa na saa ya mkononi ya msafiri, ukuaji wa ndevu zake na wingi wa kumbukumbu zake. Kwa mtu wa kawaida nyakati hizi mbili huenda pamoja. Kwa msafiri zinaachana.

Mtengano huu unamtia mashakani mzungumzaji. Mikkel akiwa mwaka 1986 aseme *nilizaliwa* au *nitazaliwa*? Kwa kalenda, kuzaliwa kwake kuko mbele, kwa hiyo -ta- inastahili. Kwa maisha yake, kuko nyuma, kwa hiyo -li- inastahili. Hans Reichenbach (1947) alionyesha kuwa njeo haihusishi tukio na wakati wa usemi tu, bali pia na wakati wa marejeo. Katika kisa cha namna hii ni lazima tuulize zaidi: wakati huo wa marejeo umefungwa katika kalenda au katika maisha ya nani? Mabishano mengi ya mashabiki kuhusu lipi lilitangulia lipi yanatokana na kutojibu swali hili. Wawili wanabishana, kila mmoja akiwa sahihi kwa saa yake.

4.2 Kiambishi -ka-

Wanasarufi wa jadi, akiwemo Ashton (1944), wanaeleza kuwa -ka- huonyesha tendo linalofuatia jingine. Tuangalie sentensi ifuatayo:

(1) Mikkel aliingia pangoni mwaka 2019, akatokea mwaka 1986, akakua, akaoa, akamzaa Jonas, akajinyonga mwaka 2019.

Sentensi hii inakubalika kabisa kwa sikio la Mswahili, ingawa kwa kalenda inarudi nyuma miaka 33, na ingawa tendo lake la mwisho, la mwezi Juni 2019, linalitangulia lile la kwanza, la mwezi Novemba mwaka huo huo. Tunajifunza kwamba -ka- haifungwi na tarehe. Inafuata uzi wa usimulizi, na hapa uzi huo ni maisha ya mtu mmoja. Kwa hiyo -ka- inafaa sana kupima nadharia za utambulisho. Shabiki anayedai kuwa wahusika wawili ni mtu mmoja anapaswa kuweza kuyasimulia maisha yao kwa mfuatano mmoja wa -ka- bila uzi kukatika. Adam na Jonas wanaupita mtihani huo.

4.3 Viambishi -me- na -ja-

Kiambishi -me- hueleza tendo lililokwisha ambalo athari yake ingalipo, na -ja- ya ukanushi hueleza tendo linalotarajiwa ambalo halijatimia. Kwa kawaida viwili hivi havigongani. Winden vinagongana. Mtu anayejua siri yote, akizungumza mwezi Septemba 2019, angeweza kusema hivi bila uongo:

(2) Mikkel ameshazikwa, na bado hajapotea.

Athari inayobaki ndiyo ushahidi mkuu wa mashabiki. Mfano bora ni kovu la Helge Doppler. Tangu mwanzo watazamaji wanamwona Helge wa mwaka 1986 na Helge mzee wa 2019 wakiwa na kovu usoni na sikio lililoharibika. Ameumizwa; na nani, haijasemwa. Baadaye Ulrich Nielsen, baba yake Mikkel, akiamini kuwa Helge ndiye mtekaji wa watoto, anaingia pangoni na kutokea mwaka 1953. Huko anamkuta Helge akiwa mtoto, naye anampiga kwa jiwe akikusudia kumuua. Mtoto hafi. Jeraha analolipata ndilo kovu tulilokwisha liona. Hapa -me- ilionekana kwanza, na -li- yake ikafuata baadaye katika msuko.

4.4 Viambishi -ki-, -nge- na -ngali-

Tendo hilo la Ulrich ndilo kiini cha mjadala wetu. Tulinganishe sentensi tatu:

(3) (a) Nikimuua mtoto huyu, mwanangu hatapotea.
(b) Ningemuua mtoto huyu, mwanangu asingepotea.
(c) Angalimuua mtoto yule, Mikkel asingalipotea.

Sentensi (3a) ni ya Ulrich mwenyewe, jiwe likiwa mkononi. Kiambishi -ki- kinaliacha sharti wazi: linaweza kutimia. Sentensi (3c) ni ya mtazamaji aliyekwisha liona kovu. Kiambishi -ngali- kinaufunga mlango: sharti halikutimia wala halitatimia. Kati yao ipo (3b), ambayo kwa sarufi ya jadi huhusu sharti lisilotarajiwa kwa wakati uliopo. Ni kweli kuwa katika mazungumzo ya leo wasemaji wengi hutumia -nge- mahali pa -ngali-, na walimu wengi wamekwisha choka kuwasahihisha. Visa vya namna hii vinaonyesha kuwa tofauti hiyo ina kazi, na kwamba tukiiacha ife tutapoteza chombo cha kufikiri.

Tukiitumia tofauti hiyo, nadharia zote za ukombozi zinagawanyika mara mbili. Kambi ya kwanza ilishika -ngali-: yaliyotokea yametokea, na kila jaribio la kuyazuia ndilo linaloyaleta. Hii ni kambi ya methali isemayo *maji yakimwagika hayazoleki*, na kovu la Helge lilikuwa hoja yake kuu. Kambi ya pili ilishika -nge-: mahali fulani pana ufa, na atakayeuona atayabadili mambo. Lewis anatusaidia kuelewa kwa nini kambi zote mbili zilikuwa na haki. Anatoa mfano wa mtu anayerudi nyuma kumuua babu yake kabla baba yake hajazaliwa. Je, anaweza? Ana bunduki, ana shabaha, ana nafasi. Kwa maana hiyo anaweza. Lakini babu yake hakufa siku ile. Tukizingatia ukweli huo, hawezi. Kitenzi -weza kina maana kulingana na mambo tunayoyashikilia kuwa hayabadiliki.

Jonas naye alikutana na sharti gumu zaidi. Alipotaka kumrudisha Mikkel nyumbani kutoka mwaka 1986, alionywa kuwa kufanya hivyo kungegusa kuwepo kwake mwenyewe: Mikkel asingalipotea, Jonas asingalizaliwa. Anayetamka sharti hilo ni tokeo la kutotimia kwake. Kiswahili kina methali isemayo kuwa *majuto ni mjukuu, huja kinyume*. Huko Winden mjukuu wa namna hiyo hutangulia.

5.0 Istilahi za Ukoo na Nadharia za Utambulisho

Mashabiki wengi wa *Dark* walichora michoro ya nasaba ili wasipotee. Lugha za Ulaya ziliwapa maneno machache. Istilahi za Kiswahili zinaeleza zaidi, kwani hutenganisha upande wa baba na wa mama, na huhesabu vizazi kwa majina.

Jonas anampenda Martha. Martha ni dada yake Mikkel, naye Mikkel ni baba yake Jonas. Basi Martha ni *shangazi* yake. Neno hili peke yake linabeba taarifa kuwa uhusiano unapitia kwa baba, na baba ndiye siri ya msimu wa kwanza. Ulrich ana uhusiano wa siri na Hannah, mama yake Jonas. Bila kujua, anatembea na *mkaza mwana* wake. Katika msimu wa tatu inafichuka kuwa Jonas na Martha wa ulimwengu wa pili wana mtoto wa kiume, ambaye anamzaa Tronte. Tronte anamzaa Ulrich. Ulrich anamzaa Mikkel. Mikkel anamzaa Jonas. Tukihesabu mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza, tunapata kwamba Jonas ni kilembwekeza wa nafsi yake. Mchoro mzima wa nasaba umeingia katika neno moja.

Mfano wa kushangaza zaidi ni Charlotte Doppler. Ameolewa na Peter, na binti yao mdogo ni Elisabeth. Msimu wa pili unafichua kuwa Elisabeth, akiwa mtu mzima katika wakati ujao, ndiye mama yake Charlotte. Basi Charlotte ni mjukuu wa nafsi yake, na Peter ni babu wa mkewe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki babu humwita mjukuu wake wa kike *mke wangu*, na wote hucheka, kwani ni utani unaojulikana mipaka yake. Winden hakuna utani. Msikilizaji wa Kiswahili anayesimuliwa habari za Peter ataisikia kauli ya utani ikigeuka kuwa kauli ya kweli, na mshtuko wake utakuwa wa aina ambayo hata watunzi hawakuitarajia.

6.0 Mizani ya Nadharia

Ni nadharia ipi iliyo bora? Watu wengi watajibu: iliyopatia. Jibu hilo halitoshi. Anayebahatisha hupatia pia. Tunapendekeza mizani yenye vigezo vitatu.

Kigezo cha kwanza: *nadharia ieleze mengi kwa kuongeza machache.* Baada ya msimu wa kwanza baadhi ya watazamaji walidai kuwa Noah, kasisi asiyezeeka kati ya mwaka 1953 na 1986, ni Bartosz Tiedemann aliyekua, kwa sababu Noah alimtafuta kijana huyo na kumvuta upande wake. Dai hilo halikuhitaji kuongeza mhusika yeyote, na lilieleza kwa nini Bartosz alichaguliwa miongoni mwa vijana wote wa mji. Msimu wa tatu ulionyesha kuwa Noah si Bartosz. Ni mwana wa Bartosz. Nadharia ilikosea mtu, ikapatia ukoo. Kwa mizani yetu ilikuwa nadharia nzuri, kwa sababu iliona kuwa pengo lipo na ilijua limezunguka wapi.

Kigezo cha pili: *nadharia iweze kukanushwa.* Baada ya msimu wa pili baadhi ya watazamaji walikataa kuwa Adam ni Jonas; walisema Adam anadanganya. Hii haikuwa nadharia nzuri. Kila ushahidi uliotolewa dhidi yake uliweza kuhesabiwa kuwa uongo mwingine. Aidha, chanzo chake hakikuwa ushahidi bali huzuni: mtazamaji aliyempenda kijana Jonas hakutaka awe mzee mkatili. Huzuni hiyo ni ya haki, lakini haithibitishi kitu.

Hatari ya nadharia isiyokubali kukanushwa ilikwisha onekana katika tamthilia ya Kimarekani *Lost* (2004-2010), ambayo nayo ilihusu safari za wakati katika msimu wake wa tano. Tangu mwanzo walikuwepo waliodai kuwa wahusika wote walikufa ndege ilipoanguka. Watunzi walikanusha, na katika sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 23 Mei 2010, mhusika mmoja anaeleza waziwazi kuwa yaliyowapata kisiwani yalikuwa ya kweli. Hata hivyo wapo ambao hadi leo wanaisimulia *Lost* kwa nadharia ile iliyokanushwa. Nadharia rahisi ina miguu mirefu. Huifikia mitaa ambayo kazi yenyewe haijafika.

Kigezo cha tatu: *nadharia iheshimu wakati.* Anayedai jambo lazima aseme analidai kwa kalenda au kwa maisha ya mhusika, na kwa -nge- au -ngali-. Mfano mzuri ni suala la baba yake Regina, binti wa Claudia Tiedemann. Watazamaji wengi walimdhania Tronte Nielsen. Suala hili lilionekana kuwa umbeya wa mtaani tu, lakini lilikuwa na uzito mkubwa: kama Tronte angekuwa babake, Regina angekuwa mmoja wa waliozaliwa ndani ya fundo la safari za wakati, na fundo likifunguliwa angetoweka. Hakuwa. Mwishoni anaonekana mezani pamoja na Hannah, Katharina, Peter na wengine wachache, wote wakiwa watu ambao kuwepo kwao hakukutegemea fundo. Swali la nani alimzaa nani liligeuka kuwa swali la nani angeishi.

Ikumbukwe pia kuwa nadharia za chanzo zilipata dalili njema katika alama ya tamthilia yenyewe, yenye pembe tatu zilizofungamana. Dunia mbili zilipokwisha julikana mwishoni mwa msimu wa pili, aliyeitazama alama hiyo kwa makini alikuwa na sababu ya kuuliza kuhusu ya tatu. Hiyo ndiyo dunia aliyoigundua Claudia, na ndiyo iliyozipatanisha kambi mbili za sehemu ya 4.4. Ndani ya fundo -ngali- ilitawala: hakuna kilichobadilika. Nje ya fundo, katika ulimwengu wa chanzo, -nge- ilikuwa hai: ajali ingeweza kuzuiwa, ikazuiwa.

7.0 Hitimisho

Limebaki swali moja ambalo kisa hakikulijibu, na ambalo mashabiki wanaendelea kulibishania. Ikiwa Jonas na Martha walizuia ajali, mashine haikuwashwa. Ikiwa haikuwashwa, wao hawakuzaliwa. Ikiwa hawakuzaliwa, nani aliizuia ajali? Sentensi mbili zinashindana:

(4) (a) Jonas hakuzaliwa.
(b) Jonas alizaliwa, akapenda, akateseka, akawaokoa wengine, akatoweka.

Wapo wanaoishika (4a) na kusema kuwa mateso yote ya sehemu 26 yamefutwa, kana kwamba hayakuwa. Maoni yetu ni kwamba sentensi zote mbili ni kweli, kila moja kwa saa yake. Ya kwanza inafuata kalenda ya ulimwengu wa chanzo. Ya pili inafuata uzi wa maisha, na uzi huo, kama tulivyoona, hauhitaji idhini ya kalenda. Watunzi wenyewe wameacha dalili ndogo: Hannah wa ulimwengu wa chanzo, akiwa mjamzito, anafikiria kumwita mwanawe Jonas, bila kujua jina hilo limemjia kutoka wapi.

Jambo hili si la mchezo. Swali la kama tendo lililofutwa lilikuwa na maana ni swali la kila mtu aliyejitolea kwa jambo ambalo mafanikio yake yameondoa ushahidi wa kujitolea kwake. Mtu aliyezuia ajali hana ajali ya kuonyesha. Nadharia za mashabiki zinazoendelea kubuniwa baada ya kisa kwisha zinatunza (4b) dhidi ya (4a): zinakataa kuwa aliyetoweka hakuwahi kuwa.

Kwa walimu wa sarufi tunapendekeza kuwa visa vya safari za wakati vitumiwe darasani kufundishia -ka-, -me-, -ki-, -nge- na -ngali-. Sentensi zilizozoeleka za vitabu vya kiada hazimlazimishi mwanafunzi kuona tofauti, kwani ndani yake kalenda na maisha huenda pamoja. Mpeni mwanafunzi habari za Mikkel azisimulie, kwanza kwa kalenda, kisha kwa maisha ya Mikkel. Atakapogundua kuwa baadhi ya viambishi vimelazimika kubadilika na vingine vimebaki, atakuwa ameanza kuchambua lugha. Kwa watafiti, lipo suala la -nge- na -ngali- katika lahaja mbalimbali za Kiswahili: ni wapi tofauti hiyo ingali hai, na wasemaji waliokwisha iacha wanaeleza kwa njia gani mlango uliofungwa?